Bei ya Dagaa Asiyekuwepo

Neno waliloandika lilikuwa "umetelekezwa". Bernadeta Shigela alilisoma akiwa amesimama mlangoni kwake Kamanga, miwani imemshuka puani, akalisoma mara ya pili, kisha akauliza kama siku hizi wanaoandika barua za ofisi wanajua maana ya maneno wanayoyaandika. Mtu hutelekeza mtoto. Mtu hutelekeza mke. Bernadeta katika miaka yake sitini na miwili hakuwahi kutelekeza hata kuku anayeatamia.

Barua ilitoka Kituo cha Wabunifu wa Ziwani, ng'ambo ya maji, mjini Mwanza. Ilisema kwamba mfumo wa simu wa kina mama wa dagaa wa Kamanga haukutumika kwa siku saba mfululizo. Kwamba kwa mujibu wa kanuni ya kumi na moja ya vibali vya majaribio, mfumo wa namna hiyo unahesabiwa umetelekezwa. Na kwamba namba ya simu waliyopewa itakabidhiwa kwa mwombaji mwingine aliyetimiza vigezo. Mwenye pingamizi alilete ndani ya siku kumi na nne.

"Mwombaji gani huyo?" Bernadeta aliuliza.

Queen, binti wa marehemu mdogo wake, ndiye aliyeileta barua kutoka mjini, na alikuwa amekwisha kuuliza. Alitazama chini.

"Elias, mama mkubwa."

"Elias yupi?"

"Elias aliyekula ugali hapa."

Bernadeta alivua miwani. Walioishi naye wanajua kwamba akivua miwani bila kuifuta, afadhali mtu akumbuke kwamba ana safari.

Hasira ile haikuzaliwa siku ile. Ilikuwa na umri. Bernadeta alimaliza darasa la saba mwaka elfu moja mia tisa sabini na saba, huko kwao vilimani Sengerema, katika darasa la watoto arobaini na watatu. Waliochaguliwa kwenda sekondari walikuwa wawili, wote wavulana, na wote wawili walikuwa wakimnakili Bernadeta hesabu. Mwalimu mkuu alimwambia baba yake mbele ya watu, "Shigela, binti yako ana kichwa." Baba akajibu kwamba kichwa hakilipiwi karo mahali ambapo jina halikuitwa, akarudi kwenye ng'ombe wake. Bernadeta akaolewa Kamanga na mvuvi aitwaye Shimba, akamzaa Luhende na wengine watatu, na tangu hapo ukimwita Mama Luhende anaitika kuliko ukimwita jina lake.

Alijifunza ziwa kama alivyojifunza hesabu, kwa kutazama nani anapata nini. Zamani samaki wote walipita mikononi mwa wanawake wa pwani: sato, ningu, furu, chochote mtumbwi ulichoshusha. Kisha sangara akapanda thamani. Yakaja magari ya barafu, vikaja viwanda, wakaja watu wenye mikoba wakasema, "Mama, huu ni uwekezaji, mtanufaika." Sangara akapanda ndege. Wanawake wakabaki na mapanki, yaani kichwa na mifupa iliyokwisha kuchunwa nyama, wakayakaanga na kuwalisha watoto. Bernadeta alinufaika kwa mifupa. Hilo hajalisahau, na mtu asimwambie kwamba ni mambo ya zamani, maana jino alilolivunja kwenye panki lile mpaka leo halijarudi.

Kilichobaki kwa wanawake ni dagaa. Dagaa mdogo, anaanikwa juu ya chanja au mchangani, mvua ikimkuta mchangani anaoza kabla hujamaliza kusali. Wakubwa hawakumtaka. Kwa hiyo mwanamke wa Kamanga alianika, na mwanamke wa Mkuyuni, ng'ambo ya mjini, alivuka kwa feri kuja kununua na kwenda kuuza sokoni. Tabu ilikuwa moja. Mwanamke wa Mkuyuni alivuka bila kujua. Alifunga meza yake, akamwacha mtoto kwa jirani, akalipa nauli, akafika akakuta mvua imenyesha na dagaa hakuna.

Bernadeta alipopata simu yake ya kwanza, kitochi chenye redio, aliitazama juma zima kabla ya kuitumia. Kisha akawaita wateja wake na kuwaambia, "Kila asubuhi nitawabipu. Nikibipu mara moja, dagaa wapo, njoo. Nikibipu mara mbili, baki kwako. Usipokee, utakula salio langu." Ndiyo hivyo tu. Haikuwa na jina wala cheti. Lakini kuanzia siku ile hakuna mwanamke wa Mkuyuni aliyevuka bure kwa sababu ya Kamanga.

Orodha ilianza na wanawake kumi na wawili, ikafika mia moja na nne. Queen, aliyesomea kompyuta chuoni, alikuja likizo akamkuta mama yake mkubwa alfajiri amekaa kwenye kigoda anabipu watu mia moja na nne mmoja mmoja, kidole gumba kimevimba.

"Mama mkubwa, hii kazi mashine inaweza."

"Mashine inajua dagaa aliyekauka na asiyekauka?"

"Haijui. Wewe unaiambia, yenyewe inawaambia wenzako."

Hapo wakaelewana. Queen alichukua kompyuta kuukuu, akaiweka chumbani kwake Butimba, mjini Mwanza, akaifundisha miezi minane. Ilipokamilika, mwanamke alibipu namba moja tu, mashine ikakata, ikampigia yenyewe bila gharama yake, na akasikia sauti ya Bernadeta iliyorekodiwa alfajiri ileile: "Mwangaluka. Hapa Kamanga, ni mimi Mama Luhende. Mitumbwi kumi na minne imefika. Jua lipo. Dagaa wa chanja wapo, wa mchangani wapo wachache. Njooni." Bei akataja. Asiyejua kusoma alisikia. Mwenye kitochi alisikia sawasawa na mwenye simu janja. Na kwa kuwa alitaja jina lake, watu waliamini, kwa maana Mama Luhende akidanganya wanajua nyumba yake ilipo.

Namba ya namna hiyo haiokotwi. Inatakiwa kibali, na vibali vilitolewa na Kituo cha Wabunifu. Wakaenda. Wakapigwa picha wameshika karatasi kubwa kama mlango imeandikwa HONGERA. Wakapewa kibali cha majaribio cha mwaka mmoja na kijitabu cha kanuni kurasa thelathini na sita. Bernadeta alikisoma chote, na kanuni ya kumi na moja aliiona. Alifikiri inahusu watu wavivu.

Elias alikuja mwezi wa tatu wa kibali kile. Alikuwa kijana mtanashati kutoka Dar es Salaam, mwenye kampuni yake, aliyesema Kituo kimempeleka "kujifunza kutoka kwa wajasiriamali wa chini". Alikaa siku nne. Aliuliza mitumbwi inafika saa ngapi, nani ananunua, malori ya wafanyabiashara wakubwa yanapakia lini, ndoo inapanda bei siku gani. Dorcas, jirani yake Bernadeta, mwanamke asiyejua kunong'ona, alimjibu yote, tena akimwongezea mboga. Mgeni ni mgeni. Hakuna aliyemwambia Dorcas kwamba siku hizi wizi unaanza kwa shikamoo.

Sasa lipo jambo ambalo mtu wa mbali hana budi kuambiwa, na ambalo waliokaa na kijitabu cha kurasa thelathini na sita hakuna aliyewaambia. Dagaa huvuliwa gizani. Wavuvi huwasha taa juu ya maji, dagaa wakaifuata taa, wavu ukawafunika. Mwezi ukiwa mkubwa, ziwa lote linakuwa taa moja, na dagaa hana haja ya taa yako. Kwa hiyo kila mwezi, siku sita, saba, hata nane, mitumbwi inavutwa nchi kavu. Ndiyo mbalamwezi. Wanaume wanashona nyavu, wanawake wanakaza chanja za kuanikia, wagonjwa wanapelekwa hospitali, harusi zinafungwa. Pwani yote ya ziwa hili inaishi hivyo tangu taa za mafuta mpaka hizi za sola.

Mbalamwezi ya kwanza baada ya kibali ilikuwa fupi, ikapita. Ya pili na ya tatu pia. Ya nne ilipokaribia, Queen alipiga simu kutoka Butimba.

"Mama mkubwa, safari hii kalenda inaonyesha zitafika siku nane. Hebu rekodi chochote kila asubuhi. Hata salamu tu, mashine isionekane imekufa."

"Nirekodi nini, na dagaa hakuna?"

"Sema tu, mwangaluka, hapa Kamanga."

"Mtu akisikia mwangaluka hapa Kamanga anafunga meza yake anavuka. Mimi sitangazi sokoni kitu kisichopo, Queen. Wanawake wale wanajua: nikinyamaza, hakuna. Kunyamaza kwangu ni habari."

"Lakini kanuni, mama mkubwa..."

"Kanuni ni ya watu wavivu. Sisi tunapumzika na mwezi."

Akanyamaza siku nane. Siku ya tisa giza likarudi, mitumbwi ikatoka, sauti ikarudi, na siku ya kumi barua ikafika.

Kamati iliketi siku kumi baadaye, ghorofa ya nne, katika chumba chenye baridi kuliko Juni. Bernadeta alivaa kitenge cha kanisani na viatu vya kufunga. Mwenyekiti alikuwa mwanamke, Daktari Felicitas, mtu wa Kagera, mwenye mvi chache alizoziacha zionekane, na Bernadeta alimheshimu kwa hilo. Pembeni yake alikaa Renatus, afisa wa vibali, kijana mpole aliyemwamkia shikamoo kwa heshima kabisa kabla ya kumsomea mashtaka.

Alisoma: tarehe fulani hadi tarehe fulani, siku nane, rekodi sifuri. Kanuni ya kumi na moja. Umetelekezwa.

Kisha akasimama Elias na picha ukutani. Alizungumza juu ya wadau, mnyororo wa thamani na uchumi wa kidijitali. Alionyesha jinsi kampuni yake itakavyoipokea namba ile ile, "ambayo tayari inaaminika sokoni", na kuwagawa wasikilizaji katika madaraja. Wateja wa daraja la kwanza watapata habari saa kumi alfajiri. Daraja la kawaida, saa moja asubuhi.

Bernadeta alinyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Daraja la kwanza ni akina nani?"

"Wale wanaochangia huduma, mama. Wanunuzi wa jumla."

"Wenye malori."

"Ndiyo, mama. Miongoni mwa wengine."

"Kwa hiyo mwanamke wa Mkuyuni apate habari saa moja, dagaa wakiwa wamekwisha kupanda lori saa kumi na moja."

"Atapata habari kamili, mama, tena bure."

"Habari za dagaa waliokwenda. Hiyo si habari, baba, hiyo ni rambirambi."

Mtu mmoja wa kamati alikohoa ili asicheke. Daktari Felicitas alimgeukia Bernadeta.

"Mama, hoja iliyopo mezani ni siku nane. Mfumo ulikufa siku nane."

"Haukufa. Ulinyamaza. Ilikuwa mbalamwezi."

Ikabidi aeleze. Alieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto kwa nini usiku hufuata mchana, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyoona kwamba katika watu watano wa kamati ya wabunifu wa ziwani, hakuna hata mmoja aliyekuwa akijua. Wamekula dagaa maisha yao yote. Dirisha lao linatazama maji.

Renatus ndiye aliyejaribu kusaidia, na msaada wake ukawa mbaya kuliko mashtaka.

"Mama, mngeweka hata tangazo dogo. Salamu. Mfumo ungesomeka unatumika, na leo tusingekuwa hapa."

"Tangazo la nini?"

"Chochote, mama. Mashine yetu haijui mlichosema. Inahesabu tu kwamba mmesema."

Bernadeta alivua miwani.

"Nisikie vizuri, mwanangu, maana nimeishia darasa la saba. Nikikaa kimya kwa kuwa hakuna dagaa, nimetelekeza. Nikisema maneno matupu siku nane, mimi ni mbunifu hodari. Kwa hiyo kanuni yenu inanitaka niwe mwongo mara moja kila mwezi."

"Si hivyo, mama."

"Ni vipi?"

Renatus akafungua kijitabu, akakifunga.

"Mimi nimetangaza miaka kumi na tisa kwa bipu kabla hamjawa na ghorofa hili," Bernadeta aliendelea, na sauti yake haikupanda, ilishuka, jambo ambalo kwa wanaomjua ni baya zaidi. "Hakuna aliyenipa kibali na hakuna aliyevuka bure. Mmekuja ninyi, mkasema tuandikishe tulindwe. Tukaandikisha. Cha kwanza mlichokilinda ni kwamba mtu mwingine akichukue."

Daktari Felicitas alifungua kalenda yake. Alisema kamati haiwezi kuamua kwa maneno. Itakwenda kujionea shughuli yenyewe Kamanga, na waombaji wote wawili wawepo. Akataja Alhamisi, siku kumi na tano kutoka siku ile.

Queen alihesabu haraka kwenye vidole chini ya meza, akamkanyaga mama yake mkubwa mguu. Bernadeta alikuwa amekwisha kuhesabu. Siku kumi na tano kutoka siku ile mwezi ungekuwa mpevu kama sinia. Hata baada ya maelezo yote yale, watu hawa walikuwa wamechagua kuja kutazama uvuvi wa dagaa katikati ya mbalamwezi.

"Alhamisi hiyo ni sawa kwako, mama?"

"Ni sawa kabisa," Bernadeta alisema. "Karibuni."

Ngazini Queen alikuwa karibu kulia. "Mama mkubwa, watakuta pwani tupu! Wataandika hakuna shughuli!"

"Waandike. Ningewabadilishia siku wangeona dagaa, na dagaa si kesi. Kesi ni kimya changu. Waje wakione."

Kwa siku zote zile kumi na tano Bernadeta hakulala vizuri, ingawa hakumwambia mtu. Namba ile ikienda, wanawake mia moja na nne wanakwenda nayo, kwa kuwa wameizoea, wanaiamini, na sauti ikibadilika bado wataibipu. Elias hakutaka mashine ya Queen. Mashine anayo yake. Alitaka imani ya watu, na imani ya watu ilikuwa imekaa ndani ya namba.

Alhamisi feri iliwashusha Daktari Felicitas na Renatus kwa niaba ya kamati, pamoja na Elias mwenye viatu vyeupe. Pwani ilikuwa kama Bernadeta alivyojua itakuwa. Mitumbwi imelala kwenye mchanga. Wanaume wanashona nyavu. Chanja tupu, na wanawake wanazikaza kamba. Hakuna dagaa hata wa kuonja.

Dorcas alikuwa akimsubiri Elias kama mtu anayesubiri mahari.

"Karibu, mkwe! Ugali bado uko jikoni. Safari hii umekuja na kijiko chako au bado unaazima?"

"Shikamoo, mama," Elias alisema, akitafuta pa kuweka viatu.

"Marahaba! Kanyaga tu, baba, mchanga wetu haujaomba kibali."

Daktari Felicitas alitazama huku na huku. "Mama Luhende, sioni shughuli."

"Ndiyo hii, Daktari. Hivi ndivyo siku nane zile zilivyokuwa. Chukua simu yako, bipu namba yetu."

Daktari alibipu. Mashine haikumpigia. Alisubiri, akaitazama simu, akamtazama Bernadeta.

"Haisemi kitu."

"Imesema. Imekwambia usivuke."

Renatus alikuwa akiandika. Elias aliona nafasi yake akaichukua. Alisema kwa upole kwamba heshima kwa mama zetu ni jambo moja na huduma ni jambo lingine. Mteja wa leo hawezi kuachwa gizani bila jibu. Mfumo wake, aliokuwa akiujaribu kwa namba ya muda, haujanyamaza hata siku moja tangu uanze. Alijivuna kwa hilo. Akaitaja namba ile.

"Ipige, Daktari," Bernadeta alisema. "Weka sauti kubwa, tusikie wote."

Simu iliita mara moja. Sauti ya msichana laini kama losheni ikasema: "Ndugu mteja, karibu. Leo, mwalo wa Kamanga, dagaa wanapatikana kwa wingi. Ndoo moja ni shilingi elfu kumi na nane. Kuagiza, bonyeza moja."

Hata wanaume waliacha sindano za nyavu. Kisha Dorcas akapaza sauti.

"Bonyeza moja, Daktari! Bonyeza basi! Jamani wanawake, leteni chanja, dagaa wa kwenye simu wanaingia!"

Pwani nzima ikacheka. Bernadeta hakucheka. Alikuwa akitazama gati, kwa maana nyuma ya kamati, katika abiria wa mwisho kushuka, alikuwa amemwona mwanamke ana magunia matatu matupu kichwani. Alikuwa Rose, wa soko la Mkuyuni, mteja wake wa miaka kumi na moja. Alikuwa amesimama katikati ya mchanga anazitazama chanja tupu, na sura yake ilikuwa ile ambayo Bernadeta hakuiona tangu enzi za kuvuka bila kujua.

"Rose! Umefuata nini leo? Mimi nimenyamaza!"

"Nilijua umenyamaza, Mama Luhende." Rose aliyashusha magunia. "Ila sokoni wamepita vijana wamegawa namba mpya, wakasema ndiyo ya Kituo, yenu imefungwa. Nikapiga alfajiri. Ikaniambia wapo kwa wingi. Nimefunga meza, mtoto nimemwacha kwa jirani anaharisha."

Daktari Felicitas alimgeukia Elias. "Hiyo elfu kumi na nane imetoka wapi?"

"Ni makadirio, Daktari. Siku ambazo taarifa hazijaingia, mfumo unachukua wastani wa miezi iliyopita. Ni utaratibu wa kawaida katika..."

"Na 'kwa wingi'?"

Elias alinyamaza, na kwa mara ya kwanza mfumo wake na yeye walitofautiana.

"Mama huyu amevuka feri moja na mimi," Daktari alisema taratibu. "Nimekaa naye benchi moja. Nilidhani anajua anakokwenda." Kisha akamgeukia Renatus. "Kanuni ya kumi na moja, mfumo huu mpya umeivunja?"

"Hapana, Daktari. Umetimiza. Siku zote umesema."

"Na wa kina mama?"

"Umeivunja."

"Kanuni hii ilitungwa wapi?"

"Kwenye semina, Daktari. Hotelini. Na wataalamu."

"Kulikuwa na mtu wa dagaa?"

Renatus alitazama kijitabu chake kana kwamba mtu wa dagaa angeweza kuwa katikati ya kurasa.

Daktari Felicitas alisema hapo hapo kwamba namba inabaki kwa kina mama wa Kamanga, na kwamba namba ya muda ya Elias inasimamishwa mpaka aeleze kwa maandishi. Wanawake wakapiga vigelegele. Honi ya feri ikalia. Renatus akaanza kukusanya makaratasi, akamsogelea Bernadeta na kumwambia kwa sauti ya chini, kwa nia njema:

"Basi mama, yamekwisha. Ila kanuni yenyewe haibadiliki mpaka kikao cha mwakani. Kwa hiyo mbalamwezi zijazo, tafadhali, wekeni hata salamu."

Bernadeta alisimama mbele yake. Si mrefu, lakini alisimama.

"Mwezi ujao mtaniandikia barua ileile."

"Hapana, mama, tutaelewana."

"Nani na nani? Daktari atahamishwa, wewe utapandishwa cheo, kiti chako atakaa mwingine anayesoma kijitabu. Mimi nimeelewana na watu wa mikoba tangu enzi za sangara. Andikeni."

"Mama, feri inaondoka."

"Iko nyingine."

Daktari Felicitas, aliyekuwa na mguu mmoja tayari kwenye njia ya gati, alirudi. Aliomba karatasi. Aliandika akiwa ameegemea ubavu wa mtumbwi, kwa mkono wake: kwamba katika kibali hiki, siku za mbalamwezi ambazo mitumbwi haitoki hazitahesabiwa. Akasaini. Feri ikaondoka bila wao. Bernadeta aliivaa miwani, akasoma mstari kwa mstari, midomo ikicheza.

"Na ile ya malori kusikia saa kumi na wanawake saa moja? Mbona haimo?"

Daktari alivuta pumzi. "Hiyo si ya Kituo, Mama Luhende. Hakuna kanuni inayoikataza. Mtu yeyote anaweza kuanzisha huduma ya namna hiyo kesho, kwa namba yake."

"Ya kuninyang'anya mimi kwa kukaa kimya mlikuwa nayo. Ya kumzuia mwenye lori asimtangulie mwanamke hamna."

"Hatuna."

"Basi semina yenu ilikuwa fupi."

Renatus, ambaye viatu vyake vilikuwa vimejaa mchanga na feri nyingine ilikuwa mbali, alicheka kidogo ili kulainisha mambo.

"Lakini mama, umeshinda. Hata ahsante hakuna?"

"Ahsante ya nini, mwanangu? Umekuja kwangu ukamchukua kuku wangu, nimekufuata mpaka ghorofa ya nne, umenirudishia kuku yuleyule, naye amenyonyoka. Nikupigie magoti?" Akaikunja ile karatasi, akampa Queen aishike. "Kaeni kivulini, mtaletewa uji. Rose, lete magunia yako nikuonyeshe. Kuna madebe mawili ya dagaa wa chanja niliyoweka kwa ajili ya kula nyumbani. Hutarudi Mkuyuni mikono mitupu kwa sababu ya sauti ya msichana."

Na Elias, aliyekuwa amekaa peke yake kwenye ukingo wa mtumbwi akipiga simu bila kupokelewa, naye aliletewa uji. Dorcas ndiye aliyempelekea. Safari hii hakumjibu hata swali moja.